Ripoti za Jumapili

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia huku pembeni kwa sababu tulichofanyiana juzi kwenye ukurasa wa mradi wetu mtandaoni kimesomwa na watu wa nchi tusizozijua. Yule mchangiaji tunayemwita Miwani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi na wewe ni maadui wa siku nyingi. Nikamjibu kwamba sisi ni watoto wa mama mmoja. Akasema ahaa, basi sawa.

Kuanzia leo mambo ya msimbo wa programu tuyaseme ukurasani, kwa adabu, mbele za watu. Ya kwetu tuyaandike kwa barua. Barua ina faida moja: huwezi kunikatiza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tulipoanza kuandika Zamu ilikuwa programu ya kumsaidia Mama tu, apange zamu za wauguzi wa wodi yake bila kuinamia meza na rula Jumapili nzima. Tukaiacha huria, anayetaka achukue, anayeweza achangie. Siku hizi hospitali zinaichukua bila hata kubisha hodi. Na humo ndani kuna mafaili yako yanayoitwa “uchovu_mpya”, “uchovu_mpya_kabisa” na “uchovu_hii_ndiyo”, yamekaa katikati ya msimbo unaofanya kazi kama masufuria yaliyosahaulika kwenye makochi. Mgeni akiingia hajui akalie lipi.

Kwa hiyo naigawa nyumba. Sebuleni utakaa msimbo uliothibitishwa. Jikoni yatakaa majaribio. Cha sebuleni hakiruhusiwi kuchota kitu jikoni. Kila jaribio litakuwa na kibandiko juu ya folda yake: linauliza swali gani, nani analitunza, jibu gani litatufanya tulikubali au tulikatae, na lini linaondoka kama jibu halijapatikana. Likiondoka, kibandiko kinabaki ukutani pamoja na jibu lake, ili mwingine asije akapika kilekile.

Jaribio lako la Uchovu linahamia jikoni wiki ijayo. Andaa kibandiko.

Dada yako,
Mwenye Funguo


6 Februari

Dada, shikamoo.

Naona umeshakuwa mama mwenye nyumba. Bado kutuwekea zamu za kufagia.

Nakubali majina ya mafaili yalikuwa ya aibu. Lakini Uchovu kuliita jaribio ni kulionea. Wewe programu yako inagawa zamu sawa kwa sawa, kana kwamba watu ni matofali. Yangu inahesabu saa alizofanya kila muuguzi, inajua nani amechoka na nani amepumzika, na zamu nzito inampa aliyepumzika. Wodi ya Mama wanaitumia tangu mwaka jana. Kila Jumapili jioni nampigia ananisomea ripoti: nani kapangwa wapi, nani kalalamika. Hakuna anayelalamika. Hakuna, Dada. Lini uliwahi kuona wauguzi wasiolalamikia zamu?

Niseme la moyoni, maana humu hakuna Miwani. Tangu nilipopunguzwa kazini, hiki ndicho kitu pekee nikikitaja mbele za watu wanakaa vizuri kwenye viti. Nataka kiwe sebuleni, kwenye toleo la mwisho wa Machi, na jina langu chini yake. Ukikipeleka jikoni watu watasema ni kitu cha kujifunzia.

Kitindamimba


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Soma hii umekaa.

Jana limeingia lalamiko kutoka hospitali ambayo sikujua hata kama inatumia Zamu. Walikuta swichi ya Uchovu sebuleni, wakaiwasha wakidhani ni sehemu ya nyumba. Wana muuguzi aliyekuwa amekwenda kumzika baba yake. Aliporudi, programu yako iliona mtu ambaye hajagusa kazi siku kadhaa, ikamhesabu ndiye aliyepumzika kuliko wote, ikampa zamu za usiku mfululizo. Alisinzia amesimama, trei ya dawa ikamponyoka. Hakuna aliyeumia. Yeye ameandikiwa onyo.

Swichi nimeiondoa jana hiyohiyo na Uchovu liko jikoni. Sikulaumu peke yako. Mlango niliuacha wazi mimi.

Nitumie ratiba zote ilizotoa programu kwa wodi ya Mama, kama zilivyotoka.

Na umpigie Mama umuulize goti. Ananiambia ngazi za hospitali siku hizi anazipanda kwa kushika ukuta.

Dada


17 Februari

Dada,

Nimesikitika kwa ajili ya yule muuguzi, kweli tena. Nimemwandikia pole kupitia hospitali yao, sijui kama itamfikia.

Lakini kama kosa ni la programu, mbona kwa Mama halijatokea? Pale kuna sista mwenye mtoto anayelazwa mara kwa mara. Anakosekana, anarudi, anakosekana tena. Kwa hesabu yako huyo angekuwa ameshakufa kwa zamu za usiku. Nimemuuliza Mama Jumapili, akasema sista yuko salama, anacheka, hana neno na mtu. Nadhani ile hospitali nyingine walijaza vibaya kipengele cha likizo. Watu hawasomi maelekezo.

Ratiba nimekutumia zote. Na kibandiko hiki hapa:

Swali: Je, Uchovu ni bora? Anayelitunza: Mimi. Jibu litakalotufanya tulikubali: Ndiyo. Linaondoka lini: Haliondoki.

Goti gani? Mama hajaniambia habari za goti. Tukishamaliza ripoti huwa mtandao unaanza kukatika.

Kitindamimba


20 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Ile dawa ya kuchua niliyoagiza uitumie, usiwagawie wagonjwa.

Nina ombi dogo. Naomba unipigie picha ya ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani hapo wodini, ya wiki hii na za nyuma kama zipo. Nataka kuzilinganisha na zilizotoka kwenye programu ya mdogo wangu. Ni mambo ya kawaida ya kazi.

Binti yako


22 Februari

Binti yangu, marahaba.

Goti linakwenda na mimi ninakokwenda, hatujaachana.

Picha nimekutumia. Ukiona kitu cheusi katikati ni kidole changu. Za wiki za nyuma zimeshachanwa, karatasi zenyewe hapa ni shida, tunazitumia upande wa pili kuandikia vipimo.

Ripoti nampa mdogo wako kila Jumapili na zote ni nzuri. Sioni kwa nini uzitafute tena kwa mlango wa nyuma. Mpe nafasi mwenzio. Ulipokuwa unaanza wewe hakuna aliyekuchungulia sufuria.

Mama


1 Machi

Dada,

Kibandiko umekirudisha tena. Mara ya kwanza ulisema swali halipimiki, nikakubali, lilikuwa la kitoto. Mara ya pili tarehe. Mara ya tatu umeniambia nipange upya mafaili ya majaribio kwa herufi. Kwa herufi! Unanipiga chenga, na mimi sijui mpira uko wapi.

Miwani amenisaidia kukiandika vizuri. Swali: Je, programu inaweza kujua muuguzi amechoka kwa kuhesabu saa alizokaa kazini? Tutalikubali jaribio ikiwa wodi halisi itafuata ratiba kama ilivyotoka kwenye programu, bila kuguswa kwa mkono, miezi mitatu, bila lalamiko. Wodi ya Mama imeshapita hapo zamani. Wachangiaji wamepiga kura ukurasani na umeona mwenyewe wanasemaje. Linahamia sebuleni mwisho wa mwezi. Umebaki wewe na funguo zako.

Nikuulize kitu na unijibu kama dada. Ingekuwa ni Miwani aliyeliandika, ungelikalia hivi?

Kitindamimba


5 Machi

Mama, shikamoo.

Kile kidole kilikuwa kikubwa sana, kwa hiyo nilimwomba sista mwenye mtoto anipigie picha yeye, pamoja na zile za nyuma zenye vipimo upande wa pili. Usimgombeze. Alidhani nakufanyia jambo la kukushangaza siku yako ya kustaafu.

Nimeziweka ratiba mezani, za ukutani na za programu. Hazifanani, Mama. Kwenye programu yule sista amepewa usiku baada ya kila mara mtoto anapotoka kulazwa. Ukutani hayupo usiku hata mara moja. Na kwenye picha karatasi imechubuka palipofutwa, na majina ya juu yake ni mwandiko wako. Nimekua nikiuona mwandiko huo kwenye madaftari yangu.

Unapanga kwa mkono, kisha unamwambia mtoto kwamba ni kazi yake.

Mwisho wa mwezi programu yake inapelekwa kwenye hospitali zote zinazotumia Zamu. Funguo ninazo, naweza kukataa. Lakini nikikataa bila sababu nitakuwa dada mwenye wivu, na nikitoa sababu nitakuwa nimekuanika ukurasani mbele ya watu wasiokujua. Nimekuwa nikimrudishia kibandiko kwa visingizio vya kipuuzi na sasa ameanza kuniona adui. Inaniuma.

Nijibu, tafadhali.

Binti yako


8 Machi

Binti yangu,

Nakuandikia nyuma ya ratiba, ndiyo karatasi iliyopo. Ukiigeuza utaona ya upande wa pili, wala sijaifuta, maana sasa hakuna cha kukuficha.

Ndiyo. Narekebisha. Jumapili mchana, na penseli, saa ileile niliyokuwa nikikaa na rula zamani.

Sasa nisikilize. Mdogo wako kabla ya hiyo programu alikuwa ananipigia nikiwa na bahati, akitaka kitu au akiwa mgonjwa. Alipopunguzwa kazini akanyamaza kabisa, simu hapokei, nikawa namwota. Kisha akaniletea kitu chake, nikakiwasha wodini, na Jumapili yake akapiga. “Mama, vipi, kimefanya kazi?” Ilikuwa kimefanya kichekesho, kilimpanga sista mmoja usiku na asubuhi yake. Ningesema nini? Nikasema kimefanya vizuri. Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho kwa muda mrefu. Jumapili iliyofuata akapiga tena.

Hajawahi kuruka Jumapili tangu hapo. Anauliza nani kapangwa wapi, namjibu, anaandika, namsikia akibonyeza. Najua hanipigii mimi, anaipigia wodi. Lakini simu inayolia ni yangu.

Ukimwambia ataacha. Usimwambie. Toa sababu nyingine, wewe una akili, utaipata.

Mama


10 Machi

Mama,

Sababu nyingine sina. Kuna jambo sikukuambia kwa sababu sikutaka ulibebe, na naona nilikosea.

Hospitali nyingine waliiwasha programu hiyohiyo. Wana muuguzi aliyetoka kumzika baba yake. Pale hapakuwa na mtu mwenye penseli. Alipewa usiku mfululizo, akasinzia amesimama, akadondosha trei ya dawa, na onyo limewekwa kwenye faili lake. Mdogo wangu analijua hilo. Anaamini hospitali ile ilikosea kujaza, na anaamini hivyo kwa sababu kwako halijatokea kamwe.

Sitamwambia. Ningependa alisikie kwako.

Binti yako


14 Machi

Mwanangu,

Sista wa zamu amenishikia wodi ili niandike hii bila kukatizwa, kwa hiyo nitasema moja kwa moja.

Ripoti nilizokuwa nakusomea kila Jumapili ni za ratiba zangu, si za programu yako. Yako ilikuwa inatoka, nakaa nayo mezani, nafuta. Yule sista mwenye mtoto ilikuwa inampa usiku kila anaporudi. Inadhani mtu asipokuwa wodini amelala. Mtu anayeuguza mtoto, mwanangu, hodi ya kwanza ya kuchoka anapigiwa hukohuko anakouguza. Nikamtoa. Wiki nyingine nikamtoa mwingine. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha na mimi nilikuwa naipenda hiyo furaha.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na nimewagombeza wanafunzi wengi kwa kosa hilihili. Mgonjwa ana homa, unampa dawa ya kuishusha kimyakimya, daktari anapita anaweka mkono, anasema huyu ni mzima, arudi nyumbani. Nimekufanyia hivyo. Daktari ulikuwa wewe.

Dada yako ameniambia juu ya muuguzi aliyetoka msibani. Ningesema ukweli Jumapili ya kwanza, yule binti asingepata onyo. Hilo ni langu, usijitwike.

Usimkasirikie dada yako. Alinikamata kwa mwandiko, na bado hakunisemea.

Sijui utapiga Jumapili hii au hutapiga. Nitakuwa nyumbani.

Mama


22 Machi

Mdogo wangu,

Mama ameniambia amekuandikia. Ameniambia pia kwamba Jumapili simu haikulia. Siulizi kitu.

Kuhusu toleo: funguo ziko mezani. Msimbo wa Uchovu uko tayari kuunganishwa na wa sebuleni, kura zipo, kibandiko kimekamilika. Uamuzi nimeuacha kwako. Sitabonyeza chochote wala sitazuia chochote mpaka uniandikie.

Uliniuliza kama ningelikalia hivi lingekuwa la Miwani. La Miwani ningelikataa siku ya kwanza, kwa mstari mmoja, na kuendelea na kazi zangu.

Dada


27 Machi

Dada, shikamoo.

Usiunganishe. Nimelitoa mwenyewe asubuhi hii, na swali nimelijibu kwa masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu. Kibandiko kiko ukutani, cha kwanza kabisa, pale uliposema majaribio yaliyokwisha yataachwa yaonekane. Nakinakili hapa ili usije ukasema nimekosea herufi:

UCHOVU
Swali: Je, programu inaweza kujua muuguzi amechoka kwa kuhesabu saa alizokaa kazini?
Jibu: Hapana. Mtu asipokuwepo kazini, inadhani amepumzika.
Ushahidi: Wodi moja ilirekebisha ratiba kwa mkono kila wiki. Hospitali nyingine haikurekebisha, na muuguzi akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.
Aliyelitunza: Kitindamimba.
Limeondolewa na: yeye mwenyewe.

Miwani aliuliza ukurasani ni wodi gani iliyorekebisha. Nikamjibu kwamba ni wodi yenye msimamizi mzuri kupita kiasi. Akaweka alama ya dole gumba, mambo yakaishia hapo.

Ile hospitali nimewaandikia tena. Safari hii si pole tu; nimeeleza kosa ni la msimbo wangu, na nimeomba lile onyo liondolewe kwenye faili lake. Wamejibu kwamba watalitazama. Nitawauliza tena mpaka walitazame.

Nilikuita kikwazo ukurasani, mbele za watu. Nimefuta, nikaandika samahani palepale, ili walioniona nikitoa povu wanione na hilo. Jina langu liko ukutani badala ya sebuleni. Nilidhani ingeniuma zaidi ya hivi.

Kitindamimba


27 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimekaa nayo muda. Mwanzoni nilikasirika, sitakuficha. Nilihisi nimechekwa mwaka mzima. Simu niliishika Jumapili ile, nikaiweka, nikaishika tena, nikaiweka. Nisamehe kwa hiyo Jumapili na iliyofuata.

Kisha nikafungua ripoti zote ulizonisomea, nikazisoma upya kutafuta mahali ulipodanganya. Nikakuta majina ya wauguzi wako wote, nani ana mtoto mgonjwa, nani anajenga, nani anasoma jioni. Nawajua watu wa wodi yako kuliko majirani zangu. Ila wewe mwenyewe hupo humo. Nimejaribu kukumbuka ni lini nilikuuliza habari zako kabla ya habari za wodi, nikashindwa. Habari ya goti nimeisikia kwa Dada.

Programu nimeitoa. Wodini wamerudi kwenye ile ya Dada, na ukitaka kufuta na penseli futa, hakuna anayesubiri ripoti.

Jumapili hii nitapiga saa ileile. Goti linaendeleaje?

Mwanao


30 Machi

Mwanangu, marahaba.

Barua imefika, nimeisoma, sista naye ameisoma juu ya bega langu bila kuombwa.

Ya goti sitakujibu humu. Nikikueleza yote kwa barua, Jumapili utabaki na nini?

Mama